Pima Kwanza, Ndipo Uache Ngano: Mwongozo wa Magonjwa ya Glutini kwa Familia za Nakuru, Kisumu na Magharibi ya Kenya

Mtu anaharisha kwa miezi, nguo zinampwaya, ametibiwa taifodi mara tatu na ameba mara mbili, na tumbo bado halitulii. Siku moja jirani anamwambia, "Hebu acha chapati na mkate uone." Anaacha. Baada ya wiki chache gesi imepungua na choo kimeanza kushikana, naye anashukuru. Tatizo ni kwamba sasa kipimo ambacho kingemwambia anaugua nini huenda kisione kitu. Kipimo hicho hutafuta kingamwili kwenye damu, na kingamwili hizo hupungua kadiri mtu anavyokaa bila ngano.

Basi jambo la kwanza, kabla ya mengine yote: kama unashuku ngano, endelea kuila mpaka upimwe. Isipokuwa ukiila unavimba midomo au unashindwa kupumua. Huo ni ugonjwa mwingine, nitaufikia.

Kujua unaushuku ugonjwa gani

Glutini ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mahindi, mtama, wimbi, mchele, muhogo, viazi, ndizi na jamii yote ya maharagwe hayana glutini hii.

Magonjwa yanayohusishwa nayo ni matatu, na matibabu yake hayafanani.

La kwanza ni seliaki, na ndilo nitakalolikalia zaidi. Hapa kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba kila glutini inapopita. Utumbo huo kwa ndani umejaa vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa hufupika, hatimaye ukuta wa utumbo hubaki bapa. Mgonjwa anakula vizuri lakini chuma, foliki, kalsiamu na mafuta hayaingii mwilini. Seliaki huanza katika umri wowote, wa mtoto aliyeanza kula au wa nyanya wa miaka sitini.

Nimesikia mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Duniani kote inakadiriwa kwamba mtu mmoja hivi katika kila mia anao, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisahrawi, Waafrika wenzetu wa upande wa jangwa, ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100. Kinachohitajika ni jeni fulani, ziitwazo DQ2 na DQ8, na ngano mezani. Ngano sisi tunayo tele. Njoro, kilomita chache kutoka Nakuru, kuna kituo cha utafiti wa ngano tangu enzi za ukoloni, na Mau Narok na Uasin Gishu hulima ngano na shayiri kwa maekari. Mkate wa asubuhi na chapati ya Jumapili vimeingia hata nyumba ambazo babu zao walikula mtama tu.

La pili ni aleji ya ngano. Hii huja haraka, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Kuna watu ambao huwashika tu wakila ngano kisha wakafanya kazi nzito au mazoezi. Wafanyakazi wa viwanda vya unga na bekari nao huweza kupata pumu kwa kuvuta vumbi la ngano. Mwenye dalili hizi asijijaribu kwa kula tena nyumbani. Akizidiwa, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na mahali pake ni hospitali iliyo karibu, sasa hivi, si kesho.

La tatu ni mwili kutopatana na ngano bila seliaki wala aleji. Tumbo hujaa, kichwa huuma, mwili huchoka, lakini utumbo hauharibiki. Hakuna kipimo cha kuuthibitisha. Hujulikana tu baada ya yale mawili kuondolewa, na ndiyo maana mtu hawezi kuanzia hapa.

Dalili za kuandika kabla ya kwenda kliniki

Chukua daftari. Andika kwa wiki mbili unakula nini, choo kikoje, na tumbo linauma saa ngapi. Daktari au afisa wa kliniki akikuona dakika kumi, karatasi hiyo itamsaidia kuliko maneno ya "tumbo linanisumbua tu".

Wengi hutarajia kuharisha. Ni dalili mojawapo, hasa choo cha rangi hafifu, kinachonuka sana na kuelea. Lakini watu wazima wengi wenye seliaki hawaharishi kabisa, na wengine hufunga choo. Kinachowaleta hospitalini ni upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, mifupa kuuma au kuvunjika kirahisi, vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi, ganzi ya miguu, mimba kuharibika mara kwa mara, au uchovu wa kila siku. Kwa mtoto, tazama kadi ya kliniki: uzito uliokuwa ukipanda ukaanza kulala au kushuka baada ya kuanza kula mkate, biskuti au uji wa ngano, tumbo kubwa juu ya miguu miembamba, na mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mkali na mlizi. Kijana aliyechelewa kubalehe, au aliyeachwa kimo na wadogo zake, naye afikiriwe.

Ngozi nayo husema. Kuna vipele vya malengelenge vinavyowasha vibaya, hutokea pande zote mbili za mwili kwenye viwiko, magoti na makalio. Vinatokana na seliaki hiyohiyo, hata kama tumbo liko shwari. Hutibiwa kama upele au fangasi mwaka baada ya mwaka.

Andika pia historia ya ukoo. Mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa mwenye seliaki ana uwezekano wa karibu mmoja katika kumi. Kisukari cha utotoni kinachohitaji insulini, magonjwa ya tezi ya shingo na hali ya Down pia huongeza uwezekano.

Ondoa kwanza magonjwa ya kwetu

Hapa ndipo mwongozo ulioandikiwa Ulaya humpotosha mtu wa Siaya au Bungoma. Kule, mtu mwenye upungufu wa damu na tumbo baya akipimwa seliaki amefanya la busara. Kwetu, kabla ya seliaki kuna foleni ndefu, na mengi katika foleni hiyo yana dawa rahisi.

Omba kipimo cha choo, na si mara moja. Giardia hujificha, kwa hiyo sampuli tatu za siku tofauti ni bora kuliko moja. Giardia inaweza hata kuharibu vinyweleo vya utumbo ikafanana na seliaki kwenye hadubini. Safura hunyonya damu kimyakimya na kumwacha mtu mweupe machoni. Pima malaria. Pima VVU hata kama unajiamini, kwa sababu kuharisha kwa muda mrefu na kukonda ni dalili zake pia. Kama kuna homa za jioni, jasho la usiku au kikohozi, kifua kikuu cha tumbo kifikiriwe. Na mtoto wa ukanda huu wa ziwa na Magharibi mwenye upungufu wa damu apimwe selimundu, kwa maana ni ugonjwa wa kawaida kwetu.

Kuhusu taifodi: kipimo cha Widal, kile cha tone la damu kinachotolewa kila kona, hutoa majibu ya uongo mara nyingi. Kingamwili zake huweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au kuletwa na vijidudu vingine. Mtu aliyeambiwa ana taifodi kila baada ya miezi miwili, bila homa, ana haki ya kuuliza, "Daktari, hebu tutafute kitu kingine."

Maziwa nayo yatazamwe. Waafrika wazima wengi hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na chai ya maziwa mengi pamoja na mandazi humfanya mtu alaumu mandazi. Jaribu chai ya rangi kwa wiki mbili huku ukiendelea na ngano.

Na usitoe pesa yako kwa wale wenye mashine ya kushika fimbo mkononi halafu kompyuta inachapa orodha ya magonjwa. Haioni seliaki wala chochote kingine. Vivyo hivyo vipimo vya nywele, na vile vya damu vinavyodai kukuonyesha vyakula mia usivyopatana navyo. Nawahurumia watu wanaouza kuku wawili watatu kulipia karatasi ile, ilhali pesa hiyo ingesaidia kulipia kipimo chenye maana.

Kipimo cha damu

Jina la kumwandikia mhudumu ni tTG-IgA, pamoja na kiwango cha IgA yote (IgA ni aina mojawapo ya kingamwili). Omba vyote viwili. Sababu ni hii: wagonjwa wawili watatu katika kila mia wa seliaki hawana IgA ya kutosha mwilini, hivyo cha kwanza kikifanywa peke yake kitasoma sawa wakati mtu ni mgonjwa. Mwenye IgA ya chini hupimwa kingamwili za aina ya IgG badala yake.

Zahanati haitakuwa nacho, na vituo vingi vya afya pia. Nenda kwenye hospitali ya kaunti au maabara kubwa ya mjini. Si ajabu damu ikapelekwa Nairobi na majibu yakachukua siku kadhaa. Uliza bei kabla ya kutolewa damu, na uulize kama bei ni ya vyote viwili. Ukiwa umejiandikisha SHA, bima iliyoanza kuchukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, pita ofisi yao hospitalini ujue kinacholipwa na utakachotoa mfukoni.

Siku zote hizi unakula ngano. Kama ulikuwa umeshaacha, mweleze daktari ukweli. Kwa kawaida atakuomba urudie kula kiasi cha chapati moja au vipande viwili vya mkate kila siku kwa wiki sita hadi nane, kisha upimwe. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi za glutini. Kama kurudia kunakuangusha kabisa, kuna kipimo cha jeni za DQ2 na DQ8 ambacho hakihitaji kula ngano. Ukikosa jeni hizo, seliaki karibu inaondolewa kabisa. Ukiwa nazo, bado hujaambiwa una seliaki, kwa kuwa watu 30 hadi 40 katika kila mia wanazo na walio wengi hawaugui kamwe.

Majibu yakirudi safi lakini dalili zote zinaelekeza huko, usikubali kesi ifungwe hapo. Kipimo ni kizuri, ila hakikamati kila mtu.

Kamera ya tumbo

Kingamwili zikiwa juu, mtu mzima huthibitishwa kwa kamera. Mrija mwembamba hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, uitwao duodenamu, na vipande vidogo hukatwa. Havizidi punje ya mchele, wala mgonjwa hahisi vikikatwa. Vinafaa viwe angalau vinne kutoka sehemu ya pili ya duodenamu, na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake, kwa sababu uharibifu huwa wa madoadoa. Kamera nyingi huku hufanywa kutafuta vidonda vya tumbo na bakteria wa H. pylori, na daktari akitazama tu tumbo akarudi, jibu la seliaki halitapatikana. Siku ya miadi sema waziwazi: "Daktari, tunatafuta seliaki, naomba vipande vya duodenamu vichukuliwe." Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Wagonjwa wa upande huu kwa kawaida hupewa rufaa kwenda Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nakuru, au Moi mjini Eldoret. Piga simu kwanza ujue siku za kamera na kama utahitaji mtu wa kukusindikiza, maana ukipewa dawa ya usingizi hufai kupanda boda peke yako kurudi nyumbani. Tumbo liwe tupu tangu usiku.

Mtoto anaweza kuepushwa kamera. Kwa utaratibu wa wataalamu wa watoto wa Ulaya wa mwaka 2020, tTG-IgA ikifika mara kumi au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, na kipimo cha pili cha kingamwili kiitwacho EMA kwenye damu iliyochukuliwa siku nyingine kikawa chanya, jibu linatosha. Uamuzi huo ni wa daktari wa watoto, si wa nyumbani.

Mtaalamu wa hadubini akiandika kwamba vinyweleo vimefupika, kumbuka ile foleni. Giardia, kifua kikuu, VVU, utapiamlo mkali na hata dawa ya presha iitwayo olmesartani huweza kuleta picha inayokaribiana. Kingamwili na hadubini zikikubaliana ndipo unaweza kusema kwa uhakika. Kwa vile vipele vya ngozi, kipande hukatwa pembeni ya lengelenge, si juu yake, na husomwa kwa mwanga maalumu.

Matibabu: kuacha glutini, kabisa na maisha yote

Dawa ya vidonge haipo. Kilichogunduliwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1950, ndicho kinachotumika mpaka leo. Wakati wa njaa ya mwisho wa vita vya pili vya dunia, mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto wake wa seliaki walipata nafuu. Ngano iliporudi, ugonjwa ukarudi.

Habari njema kwa mtu wa huku ni kwamba chakula chake cha asili kiko salama. Ugali wa mahindi, ugali wa mtama na muhogo, uji wa wimbi, githeri, nyoyo, wali, viazi vitamu, nduma, ndizi za kupika, omena, mbuta na ngege, kuku, nyama, mayai, mrenda, managu, saga, kunde, terere. Mgonjwa wa Kakamega hahitaji duka la vyakula vya watalii. Anaweza kushiba kutoka soko la Luanda au Kibuye, na kwa bei anayoijua.

Kinachoondoka ni mkate, chapati, mandazi, kaimati, sambusa, keki, biskuti, tambi, semolina, nafaka za asubuhi za ngano, na bia ya shayiri. Vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri navyo viondoke. Bia iliyotangazwa kuwa ya mtama isomwe kwanza, kwani inaweza kuchanganywa na shayiri. Oti zenyewe huwafaa wengi, ila karibu zote huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, hivyo ziache mpaka hali itulie na upate zilizoandikwa hazina glutini.

Soma pakiti za soseji, smoki, supu za pakiti, viungo vya mchuzi na sosi ya soya. Maneno ya kutafuta ni ngano, shayiri na kimea. Bidhaa iliyoandikwa haina glutini, kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, haipaswi kuzidi miligramu 20 kwa kilo.

Kinu cha posho na gorogoro

Nataka ukae hapa kidogo, kwa sababu wengi wanaoshika mashariti yote na bado hawaponi hukwama hapa.

Watafiti wengi hushauri kwamba mgonjwa wa seliaki asizidishe miligramu 10 hivi za glutini kwa siku. Kipande cha mkate kina miligramu 2,000. Kwa hiyo sehemu moja katika mia mbili ya kipande ndiyo mpaka wako. Sasa tazama kinu cha mtaani. Jirani amesaga ngano yake, wewe umefuata na mahindi. Kijiko kimoja tu cha chai cha unga wa ngano uliobaki kwenye mashine, gramu 3 hivi, kina glutini ya zaidi ya miligramu 200. Kikiingia kwenye gorogoro yako ya kilo mbili, unga wako umebeba zaidi ya miligramu 100 kwa kilo, zaidi ya mara tano ya kiwango cha Codex. Ugali ni wa mahindi, na bado unakudhuru.

Fanya hivi. Nunua nafaka nzima, chambua na uoshe, anika. Tafuta kinu ambacho hakisagi ngano kabisa. Usipokipata, zungumza na mwenye kinu: "Baba, mimi ngano inaniumiza vibaya. Nikija asubuhi kabla hujaanza, utaweza kunisagia kwanza?" Hata hivyo omba asage kilo mbili tatu za mahindi yako kwanza kusafisha mashine, unga huo uwe wa kuku au wa wengine nyumbani, kisha ndipo usage wako. Ukiweza, wanaukoo wawili watatu mnunue kinu kidogo cha mkono.

Unga wa uji uliochanganywa ni hatari zaidi. Wauzaji wengi huchanganya wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, omena na ngano, na ngano haitajwi kwa sababu kwa mnunuzi wa kawaida si jambo la kumwambia. Nunua wimbi peke yake, changanya mwenyewe. Mtoto akipewa unga wa lishe kliniki, muulize muuguzi kama ni wa mahindi na soya au una ngano. Sokoni, gorogoro iliyotoka kwenye gunia la ngano ikatumbukizwa kwenye wimbi inatosha kuchafua, kwa hiyo beba kopo lako.

Jikoni, mgonjwa awe na mwiko wake, chekecheo lake, na kikaango chake. Chekecheo la unga wa chapati halioshwi likatakata. Mafuta yaliyokaanga mandazi yasikaange samaki wake. Kwenye vibanda vya samaki, Dunga au kwingineko, uliza kama samaki hupakwa unga kabla ya kutumbukizwa. Bajia huwa za dengu, lakini wapo wanaoongeza ngano. Kama chapati lazima zipikwe kwa ajili ya wengine, chakula chake kipikwe kwanza na kufunikwa, maana vumbi la unga hutua popote.

Ukitamani chapati, ponda viazi vitamu vilivyochemshwa, changanya na unga wa muhogo, chumvi na mafuta kidogo, kanda kwa maji moto, sukuma kati ya karatasi mbili za plastiki na uchome taratibu. Haivutiki kama ya ngano, lakini watoto huila ikiwa moto. Muhogo uwe ule ulioandaliwa inavyopaswa: mchungu hulowekwa, huchachushwa na kukaushwa ili sumu yake itoke.

Matanga, harusi, shule na kanisa

Kukataa chakula mbele ya watu ni kazi nzito kuliko kuacha mkate. Zungumza na wapishi mapema, usingoje sahani ifike. Mke aliyeolewa anaweza kumwambia mama mkwe faraghani: "Mama, daktari amenikataza ngano maisha yangu yote, si kwamba nadharau chakula chako. Ugali na mboga vinanitosha." Ukisikiwa mara moja na mtu mzima wa boma, yeye ndiye atakayekutetea mbele ya wengine. Wewe pakua kwanza, kabla kijiko cha mchuzi hakijagusa chapati za watu.

Kwa mwanafunzi wa bweni, barua ya daktari ifike kwa mwalimu mkuu na kwa mpishi. Githeri na ugali wa shule kwa kawaida vinafaa. Kifungua kinywa cha mkate ndicho kinachohitaji mbadala, kama viazi vitamu au uji wa wimbi kutoka nyumbani.

Mkatoliki ajue kwamba hostia zisizo na ngano kabisa hazikubaliki kanisani mwake, ila zile zenye glutini ya chini sana zinakubalika, au anaweza kupokea divai peke yake kwa kikombe ambacho hakijatumbukizwa hostia. Zungumza na padre. Waumini wa kanisa la Marafiki (Quaker) wa Kaimosi na Vihiga hawana mkate wa ushirika, kwa hiyo hili haliwagusi.

Kurudishia mwili ulichopoteza

Siku ya kuthibitishwa, omba pia kupimwa damu, chuma, foliki, vitamini B12, vitamini D, tezi ya shingo na ini. Vidonge vya chuma vinywe na maji ya ndimu au chungwa, mbali na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia. Omena waliwao wazima na mifupa yao hutoa kalsiamu. Maziwa yakikusumbua miezi ya kwanza ni kawaida, kwa kuwa utumbo ulioumia hausagi sukari yake. Mala hustahimilika zaidi, na wengi hurudia maziwa baadaye. Unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti nchini hutakiwa kuongezwa chuma na vitamini tangu 2012, na mwenye kusaga kinuni hukosa hiyo nyongeza, kwa hiyo mboga za kienyeji, maharagwe na nyama visikosekane.

Vipele vya ngozi huchukua miezi, pengine miaka, kuisha kwa chakula pekee, hivyo daktari anaweza kuongeza dawa iitwayo dapsoni. Kwetu hapa usimeze dapsoni kabla ya kupimwa G6PD. Upungufu wa kimeng'enya hicho umeenea katika maeneo ya malaria kama Magharibi na Nyanza, na dapsoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa haraka.

Kama vipimo vyote vimetoka safi huku ukila ngano, sasa ndipo unaruhusiwa kujaribu. Acha ngano wiki sita, andika dalili, kisha irudishe na uandike tena. Ukipata nafuu na kuugua tena, punguza ngano kwa kiasi unachostahimili. Huhitaji kuogopa chembe. Ujue pia kwamba huenda si glutini, ni aina ya wanga iliyomo kwenye ngano, vitunguu na maharagwe, ambayo huchacha utumboni na kuleta gesi.

Kufuatilia

Rudi baada ya miezi sita upimwe tTG-IgA, tena mwaka ukitimia, kisha kila mwaka. Inapaswa kushuka. Mtoto huanza kuongezeka uzito mapema. Kwa mtu mzima utumbo wenyewe huweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona hata kama anajisikia vizuri. Zungumza na daktari kuhusu chanjo ya nimonia, kwa sababu seliaki huweza kudhoofisha wengu, na mwenye selimundu tayari ana tatizo hilo.

Kama kipimo hakishuki wala hupati nafuu, anza na kinu, unga wa uji na vidonge vyovyote vya dukani kabla ya kufikiria lolote baya. Ukithibitisha hakuna ngano inayoingia, rudini kwenye giardia na kwenye vipande vya hadubini visomwe upya. Mtu aliyekuwa amepona kisha akaanza tena kukonda, kupata homa, kutokwa damu chooni au kuumwa tumbo usiku asingoje tarehe ya kliniki. Mara chache sana seliaki ya muda mrefu huzaa saratani ya utumbo, nayo ni afadhali igunduliwe mapema.

Wazazi, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa nao wapimwe damu hata kama hawana dalili, na wasiache ngano hadi majibu yarudi. Mtoto ambaye ni safi leo apimwe tena baada ya miaka miwili mitatu, kwa kuwa seliaki inaweza kuanza baadaye.